Mauzo yapo, pesa hazipo: kutafuta chanzo cha matatizo ya biashara ndogo

Biashara ndogo ikibanwa, mwenye nayo hukimbilia dawa mbili: kutafuta wateja zaidi au kutafuta mkopo. Dawa hizo zinatibu baadhi ya magonjwa, ila mengine zinayazidisha. Anayeuza kwa hasara bila kujua, akiongezewa wateja atafilisika mapema zaidi. Anayekopesha wasiolipa, akipata mkopo atakuwa amekopa ili akopeshe.

Kwa hiyo hapa tutaanza na dalili, tutazame vyanzo vinavyoweza kuileta, kisha tupime ni kipi kati ya hivyo. Dalili moja mara nyingi ina vyanzo viwili au vitatu vinavyotaka tiba zinazopingana, ndiyo maana kupima kunatangulia. Na ukishaanza kutibu, usibadilishe mambo matatu kwa mpigo. Ukipandisha bei, ukapunguza wafanyakazi na kubadili msambazaji ndani ya wiki moja, hali ikitengemaa au ikiharibika hutajua kilicholeta mabadiliko ni nini.

Vipimo vyote vinahitaji kumbukumbu nne: mauzo ya kila siku, matumizi, orodha ya unaowadai na wanaokudai, na hesabu ya mzigo uliopo. Kama huna, anza kuandika leo. Mwezi mmoja wa kumbukumbu za kweli unatosha kwa kazi hii. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wala usisubiri ununue programu. Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati wa Italia, alipochapisha kanuni za kuweka hesabu kwa pande mbili (kila muamala unaandikwa mara mbili) huko Venice mwaka 1494, alikuwa anaeleza utaratibu ambao wafanyabiashara wa mji ule walikuwa wakiutumia tayari, kwa kalamu na karatasi.

Dalili: mauzo ni mazuri, lakini pesa hazionekani

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ndilo linalotibiwa vibaya kuliko yote. Mwenye biashara anaona faida kwenye daftari, anafungua droo, anakuta patupu, anahitimisha kwamba anaibiwa. Inawezekana kweli anaibiwa. Lakini faida inaweza kuwa imekaa stoo kama mzigo, iko kwa wateja kama deni, imerejeshwa kwa mkopeshaji, imegeuka mashine, au umeitumia wewe mwenyewe.

Kipimo chake ni hesabu moja ya mwisho wa mwezi. Chukua pesa ulizoanza nazo mwezi: taslimu, benki na kwenye simu, zote pamoja. Ongeza faida ya mwezi, kabla ya kutoa uchakavu wa vifaa (thamani wanayopoteza kwa kutumika). Toa kiasi ambacho madeni ya wateja yameongezeka. Toa kiasi ambacho thamani ya mzigo imeongezeka. Ongeza kiasi ambacho deni lako kwa wasambazaji limekua. Toa marejesho ya mkopo upande wa mtaji (pesa zenyewe ulizokopa; riba ilishahesabiwa kwenye matumizi), toa vifaa ulivyonunua, toa pesa ulizochukua kwa ajili ya nyumbani. Jibu linapaswa kulingana na pesa zilizopo.

Tuseme ulianza na 400 na faida ikawa 300. Wateja walikuwa wanadaiwa 220, sasa wanadaiwa 400. Mzigo umeongezeka kwa 150. Deni lako kwa wasambazaji limekua kwa 50. Umerejesha 80 za mkopo na kuchukua 170 za nyumbani. Hesabu inakuwa 400 + 300 − 180 − 150 + 50 − 80 − 170, jibu 170. Ukikuta 170, hakuna mwizi. Kila senti ina mahali ilipo, na sasa unajua pakubwa kuliko pote: madeni ya wateja. Ukikuta 110, kuna 60 zisizo na maelezo, nenda kwenye sehemu ya upungufu hapo chini. Zile 60 ni tatizo, ila angalia uwiano wake na 180 zilizokwenda kwa wateja. Watu hukesha wakiwinda 60, huku 180 nyingine zikitoka mwezi unaofuata.

Kama kilichokula pesa ni madeni ya wateja, yapange kwa umri: yasiyozidi siku 30, siku 31 hadi 60, siku 61 hadi 90, na zaidi ya hapo. Kisha gawa jumla ya madeni kwa mauzo ya mkopo ya mwezi na uzidishe kwa 30. Unadai 400 na kwa mwezi unakopesha 300, maana yake wastani wa kulipwa ni siku 40. Linganisha na siku ambazo msambazaji anakupa wewe. Akikupa 14, siku 26 zinazobaki unazigharimia mwenyewe.

Kabla ya kulaumu wateja, angalia ankara zako zinatoka lini. Wengi hukabidhi kazi tarehe 5 na kuandika ankara mwisho wa mwezi, eti ziandikwe zote pamoja. Hapo umejichelewesha zaidi ya wiki tatu kabla mteja hajaanza kuhesabu siku zake. Ankara iondoke siku ya makabidhiano. Siku chache kabla ya tarehe ya kulipa, piga simu uulize kama ankara imefika na kama ina kasoro yoyote. Swali hilo halimwudhi mtu, na linamwondolea mapema kisingizio cha “hatukuiona”. Mwenye deni la zamani asiongezewe jipya kabla ya kupunguza lile la kwanza. Hapa wengi hulegea kwa kuogopa kumpoteza mteja, ingawa mteja asiyelipa ameshapotea. Bado anakuja kuchukua mzigo tu.

Kama kilichokula pesa ni wewe, tiba ni kujilipa mshahara wenye kiwango na tarehe. Kubana matumizi ya nyumbani peke yake hakusaidii, kwa sababu tatizo liko kwenye kuchukua kidogokidogo, bila kuandika, kwa kuangalia droo. Ukiona mshahara unaokutosha biashara haiwezi kuubeba, hiyo ni taarifa muhimu kuhusu biashara yenyewe, na ni bora kuipata sasa.

Kuna chanzo cha tatu kisichotarajiwa: biashara inakua haraka kuliko mtaji wake. Chukua karakana ya samani iliyopata oda ya 1,000. Mbao na vifaa 500, vilipwe siku ya kwanza. Mafundi 200, walipwe kila wiki. Kazi inakabidhiwa siku ya 30 na mteja analipa siku 60 baadaye. Faida ni 300, nzuri kabisa. Kazi imependeza, inakuja oda ya pili inayofanana nayo siku ya 31, na ya tatu siku ya 61. Kufikia siku ya 90, karakana imetoa 2,100 na haijapokea chochote. Malipo ya kwanza ndiyo yanaingia siku hiyo. Kwenye daftari kuna faida ya 900. Mkononi hakuna nauli ya mafundi. Karakana ya namna hii hufa ikiwa na oda nyingi, na watu wa nje hubaki wakishangaa.

Kutafuta wateja zaidi hapa ni sumu. Kinachofaa ni malipo ya awali yanayofunika angalau vifaa, au kukabidhi kazi kwa awamu na kulipwa kila awamu, au kupata vifaa kwa mali kauli ili umlipe msambazaji utakapolipwa. Yote yakishindikana, kataa oda ya tatu. Inauma, najua, hasa kwa mtu aliyehangaika miezi kuipata ya kwanza.

Dalili: unauza sana, faida yenyewe ni kiduchu

Hapa pesa hazijajificha popote. Faida haikuwahi kuwepo kwa kiasi ulichodhani. Kosa la kawaida kabisa ni la hesabu ya asilimia. Mtu ananunua kwa 100, anaongeza 25 juu yake, anaamini faida yake ni asilimia 25. Lakini bei ni 125, na 25 ndani ya 125 ni asilimia 20. Akiongeza 50, faida ni theluthi ya bei, siyo nusu. Akisha kuamini ana asilimia 25 anatoa punguzo la 10, analipa kodi ya pango ya 12, na hajui kwa nini mwisho wa mwezi hakuna kitu.

Punguzo linastahili kutazamwa kwa makini. Bidhaa inauzwa 100, gharama yake 70, faida 30. Ukiuza 100 unapata 3,000. Ukipunguza bei kwa asilimia 10, faida kwa kila moja inabaki 20, kwa hiyo unahitaji kuuza 150 ili upate zile zile 3,000. Asilimia 10 ya punguzo inataka asilimia 50 ya mauzo ya ziada, na hujahesabu kazi ya kuzihudumia. Geuza upande wa pili: ukipandisha kwa asilimia 10, faida ni 40, na ukiuza 75 tu uko palepale. Sisemi kila mtu apandishe bei. Ninasema anayetoa punguzo kwa mazoea, kwa sababu mteja amekunja uso, awe ameipiga hesabu hii walau mara moja.

Kupima, chukua bidhaa kumi zinazouzika zaidi. Kwa kila moja andika bei ya ununuzi wa mara ya mwisho, wala usitumie ile unayoikumbuka ya mwaka jana. Ongeza usafiri, vifungashio, ada ya malipo ya kadi au simu, na wastani wa zinazoharibika. Zikiwa huduma, ongeza saa zako, kwa malipo ambayo ungemlipa mtu mwingine kuifanya kazi hiyo. Karibu kila anayefanya zoezi hili hukuta bidhaa moja au mbili anazoziuza kwa hasara, na aghalabu ni zile anazojivunia kwamba “zinatoka sana”. Nyingine huachwa hivyo makusudi kwa sababu zinavuta wateja wa vitu vingine. Sawa, mradi uwe umeona kwa macho kwamba hao wateja kweli wananunua hivyo vingine.

Dalili: mauzo yanashuka

Mauzo yanaundwa na mambo matatu yanayozidishana: wateja wangapi, wanakuja mara ngapi, na kila ujio wanaacha kiasi gani. Ukisema tu “mauzo yameshuka” hujasema kitu. Hesabu wateja na risiti kwa wiki nne, linganisha na kipindi kama hicho cha nyuma, siyo na mwezi uliopita ambao huenda ulikuwa na msimu wake.

Idadi ya wateja ikipungua huku kila mmoja ananunua kama zamani, ama watu wapya hawakujui ama kuna mshindani. Hapo ndipo matangazo yana kazi. Idadi ikiwa ileile lakini manunuzi yamepungua, angalia kama kuna bidhaa zilizokuwa zikiisha stoo au kama wateja wenyewe wamebanwa. Wa zamani wakiacha kurudi, matangazo ni kupoteza pesa, unaleta wapya ambao nao hawatarudi. Watafute waliopotea, watano au kumi, uwaulize. Usiulize kama waliridhika, maana watakuambia ndiyo kwa adabu. Uliza siku hizi wanapata wapi huduma hiyo na kwa nini huko.

Jibu la kwanza ni mwanzo tu. Taiichi Ohno, mhandisi aliyejenga utaratibu wa uzalishaji wa Toyota, alifundisha kuuliza “kwa nini” mara tano mfululizo. Mteja hakurudi kwa sababu kazi ilichelewa. Kwa nini ilichelewa? Malighafi zilikuwa hazijafika. Kwa nini? Msambazaji alizuia mzigo. Kwa nini? Hakuwa amelipwa. Kwa nini? Pesa zimekwama kwa wateja wawili wakubwa wanaolipa baada ya siku 90. Kumbe lalamiko la huduma mbovu limeanzia kwenye ankara, na semina ya kuwafundisha wafanyakazi kutabasamu isingeligusa.

Kama mauzo yameshuka ghafla kwa kiasi kikubwa, angalia kwanza kama ni mteja mmoja aliyeondoka. Biashara ambayo nusu ya mapato yake inatoka kwa mteja mmoja ni kama mtu mwenye ajira: akifukuzwa, kila kitu kinakatika siku hiyohiyo.

Dalili: stoo imejaa, na wateja bado wanaambiwa “imeisha”

Chanzo ni kuagiza kwa hisia au kwa ofa ya msambazaji. Pitia stoo ukiandika kila bidhaa iliuzwa lini mara ya mwisho. Zilizolala zaidi ya siku 90, kama si za msimu, ziuze hata chini ya gharama. Bei uliyonunulia imeshapita. Linalobaki kujiuliza ni zingekupa kiasi gani leo, na pesa hiyo ingenunua nini kinachotoka.

Kwa zinazotoka, weka kiwango cha kuagizia: mauzo ya siku mara siku za kusubiri mzigo, ongeza akiba kidogo. Zinazotoka 6 kwa siku na mzigo unafika baada ya siku 5, hapo ni 30. Weka akiba ya siku mbili, 12, basi zikibaki 42 agiza. Kiandike kwenye rafu yenyewe, ili aliyepo dukani asihitaji kukuuliza.

Dalili: pesa au mzigo unapungua bila maelezo

Usianze na mtu, anza na droo. Jioni iwe hivi: chenji ya kuanzia 50, mauzo ya taslimu yaliyoandikwa 430, yaliyotolewa kwa karatasi ya matumizi 35. Droo inatakiwa iwe na 445. Ihesabiwe na aliyekuwa zamu, mbele ya mwingine, waandike walichokikuta hata kama hakilingani. Hasa kama hakilingani. Ukimkaripia mtu kwa kila tofauti ndogo, utapata droo inayolingana kila siku, kwa sababu atakuwa anajazia au anachukua kimyakimya zilizozidi.

Baada ya wiki mbili tatu, tofauti zenyewe zitakueleza. Zikipanda na kushuka, leo zimezidi 3, kesho zimepungua 5, ni makosa ya chenji. Zikipungua kwa namba zinazoishia na sifuri, 20, 20, 50, kuna anayetoa bila kuandika, na mara nyingi ni mwenye mali au ndugu yake. Zikipungua kwenye zamu moja tu, badilisha zamu uone kama upungufu unamfuata mtu au unabaki na saa. Na pesa zikilingana kila siku huku mzigo unapungua, kuna mauzo yasiyoandikwa, au mzigo unaopokelewa pungufu. Huwa watu wanasahau hili la mwisho: msambazaji anateremsha katoni 18, karatasi inasema 20, aliyepokea anasaini bila kuhesabu.

Kinga ni kutenganisha kazi. Anayeagiza asiwe anayepokea, anayepokea pesa asiwe anayelinganisha na benki. Mkiwa wawili tu haiwezekani kikamilifu, basi angalau taarifa ya benki isomwe na mwenye biashara mwenyewe, mstari kwa mstari, na mzigo uhesabiwe kwa kushtukiza: bidhaa tano kila wiki zinatosha.

Dalili: mkopo unamaliza biashara

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, riba inahesabiwaje. Mkopo wa 1,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, unaolipwa kwa miezi 12, unaweza kuwa vitu viwili tofauti. Riba ikipigwa kwenye salio linalopungua, ni asilimia 24 kweli. Ikipigwa kwenye 1,000 nzima mpaka mwisho, unalipa 1,240 kwa marejesho ya takribani 103 kila mwezi, ingawa katikati ya mwaka umesharudisha karibu nusu ya mtaji. Gharama yake halisi inakaribia asilimia 42 kwa mwaka. Uliza jumla ya pesa utakazorudisha, pamoja na ada na bima, na tarehe zake. Usikubali asilimia peke yake.

Pili, muda wa mkopo na muda wa kitu ulichonunua. Mashine itakayofanya kazi miaka mitano ikinunuliwa kwa mkopo wa miezi sita, itatakiwa irudishe gharama yake kabla haijazoea umeme. Katika hali hiyo nenda kwa mkopeshaji kuomba muda urefushwe kabla ya kukosa rejesho la kwanza. Baada ya kukosa, mazungumzo ni mengine.

Dalili: ukiondoka, kila kitu kinasimama

Zima simu siku moja ya kazi, na waombe waliobaki waandike kila swali lililokwama. Jioni yagawe. Maswali ya taarifa (bei ya hiki, namba ya yule) yanatibiwa na karatasi ukutani. Ya mamlaka (nimpunguzie? nirudishe pesa?) yanatibiwa kwa kuweka kikomo: mpaka kiasi hiki amua mwenyewe. Ya ujuzi ndiyo pekee yanayohitaji mafunzo, na kwa kawaida ni machache kuliko unavyofikiri.

Kama dalili zote unazo

Usizitibu zote. Chora jedwali la wiki 13 zijazo, robo mwaka. Juu kabisa salio la pesa la leo. Kila wiki andika pesa zitakazoingia kweli, kwa tarehe ambazo wateja hulipa na siyo tarehe walizoahidi. Chini yake zitakazotoka: mishahara, pango, wasambazaji, marejesho, kodi. Salio la wiki moja linakuwa mwanzo wa inayofuata. Tafuta wiki ya kwanza ambayo salio linashuka chini ya sifuri.

Ikiwa ni wiki ya sita, una wiki tano, na katika wiki tano kuna mengi yanayowezekana: kukusanya madeni ya siku 31 hadi 60 ambayo bado yanalipika, kuuza mzigo uliolala, kuomba msambazaji mmoja asogeze tarehe, kuahirisha kifaa. Ikiwa ni wiki ijayo, piga simu leo kwa unaowadai kiasi kikubwa na kwa wanaokudai kiasi kikubwa, kwa mpangilio huo. Kila Jumatatu futa wiki iliyopita, andika kilichotokea kweli pembeni ya ulichokisia, na ongeza wiki mpya mwishoni.